Marubani wa Wingu la Radi na Upepo Unaopindua Mashua

Radi ikianza kunguruma Lamu, nyumba nyingi hufanya yale yale: televisheni inazimwa, kioo kinafunikwa kanga, watoto wanaitwa waondoke dirishani. Umeme unaogopwa, na una haki ya kuogopwa. Lakini ule upepo wa baridi unaotangulia mvua, unaobamiza milango na kuangusha nguo kambani, kwa mtu wa nchi kavu ni nafuu ya joto. Watu hutoka barazani kuupokea. Wanaouogopa ni watu wa vyombo, na kila ninavyozidi kusoma habari za mawingu haya ndivyo ninavyozidi kuamini kwamba wao ndio walioona sawa.

Nimelelewa na watu hao. Ami yangu alikuwa nahodha wa mashua iliyobeba boriti na mchanga kati ya visiwa vyetu. Safari moja tumetoka Faza tunarudi mjini, masika yanaingia, na wingu limejijenga upande wa bara, jeupe kileleni na jeusi chini. Upepo tuliokuwa nao ukakatika. Tanga likalegea, likawa linapigapiga mlingoti. Sisi vijana tukaona tumepata kupumzika, na mmoja wetu akaanza kutafuta birika la chai. Ami hakulitazama wingu hata kidogo, alikuwa anatazama maji. Mbali, chini ya wingu, uso wa bahari ulikuwa umegeuka rangi. Ulikuwa mstari mweusi, na ule mstari unakuja. Akapaaza sauti, "Tua! Tua tanga!" Henza, ile kamba ya kupandishia tanga, ikaachiwa, foromali, ule mti unaolibeba tanga, ikashuka kwa kishindo, tanga zima likatuangukia vichwani. Hatujamaliza kulikusanya, baridi ikatufika shingoni. Kisha harufu ya udongo uliolowa, nasi tuko majini, mbali na udongo wowote. Kisha upepo wenyewe. Mlingoti ulikuwa mtupu, na bado mashua ililala ubavu hata maji yakaingia ndani.

Tulipotulia nikamwuliza alijuaje. "Mwanangu," akasema, "upepo hauishi bure. Ukikatika chini ya wingu, upo mwingine njiani."

Unatoka wapi huo mwingine? Hilo nilikuja kulisoma ukubwani, katika fizikia ninayoifundisha sasa hapa Malindi. Na majibu yake yalipatikana kwa marubani walioingia ndani ya mawingu ya namna ile kwa makusudi, wakatoka, wakageuza ndege, wakaingia tena.

Mwaka 1946 Marekani ilikuwa imetoka vitani, na ndege za kijeshi zimejaa viwanjani hazina kazi. Safari za ndege za abiria zilikuwa zinaongezeka upesi, na dhoruba za radi zilikuwa zinaziangusha bila mtu yeyote kuweza kusema kwa uhakika ndani ya wingu mna nini. Mwanasayansi wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Chicago, Horace Byers, akapewa kazi ya kutafuta. Akapewa na ndege za P-61, zile zilizoundwa kupigana usiku, zenye injini mbili, mwili imara na rada puani. Kiangazi cha 1946 walifanya kazi Florida, na kiangazi cha 1947 wakahamia Ohio.

Utaratibu wao ulikuwa hivi. Ndege tano zilipangwa moja juu ya nyingine, ya chini kabisa kwenye futi 5,000 na ya juu kabisa kwenye futi 25,000, zote zikaelekezwa kwenye wingu moja kwa wakati mmoja. Kwa njia hiyo walilipima wingu tangu kiunoni hadi karibu na kichwa, kwa dakika zile zile. Ukipeleka ndege moja tu, utakachojua ni ukanda mmoja wa wingu ambalo dakika kumi baadaye limekwisha kuwa wingu jingine.

Lakini jambo ninalowasimulia wanafunzi wangu kila mwaka ni maagizo waliyopewa marubani. Kazi ya rubani siku zote ni kushika kimo chake: upepo ukimpandisha arudi chini, ukimshusha apande. Hawa waliambiwa waliache hilo. Waingie na nguvu ya injini waliyokuwa nayo, waiweke ndege sawasawa, kisha wasishindane. Wingu likiwapandisha wapande nalo, likiwashusha washuke nalo. Rada za ardhini zilikuwa zinawafuata, na kiasi walichopanda au kushuka ndicho kilichokuwa kipimo cha mkondo wa hewa. Mimi naona hapo ndipo ulipokuwa ushujaa wa kazi ile. Mwili mzima unakuambia vuta usukani, na wewe umeagizwa ukae na ndege yako katika giza na mvua ya mawe, uiache ianguke, kwa sababu ule mwanguko wako ndio maarifa yenyewe.

Waliingia mawinguni zaidi ya mara 1,300. Hakuna ndege hata moja iliyopotea.

Walichorudi nacho, Byers na mwenzake Roscoe Braham wakakichapisha mwaka 1949, na mpaka leo ndicho kinachofundishwa. Wingu la radi lina umri tatu. Katika utoto wake hewa yote inapanda: ardhi imepashwa joto, hewa yenye unyevu inainuka, mvuke wake unageuka matone, na kule kugeuka kunatoa joto jingine linalozidi kuisukuma juu. Likikomaa, mikondo miwili inakaa bega kwa bega, mmoja unapanda na mwingine unashuka. Likizeeka, hewa yote inashuka, mvua inapungua, wingu linakwisha. Umri wote huo kwa seli moja, yaani kiini kimoja cha wingu chenye mikondo yake, haumalizi saa moja, au huizidi kidogo tu, ingawa seli mpya huzaliwa ubavuni mwa ile inayokufa, na ndiyo maana sisi tulio chini hudhani ni mvua ile ile moja tangu adhuhuri hadi magharibi.

Sasa ule mkondo unaoshuka. Matone na mawe ya barafu yakishakuwa mazito kuliko nguvu ya hewa inayopanda, yanaanguka, na yakianguka yanaikokota hewa iliyo kando yao. Njiani hewa kavu ya nje inaingia winguni, baadhi ya matone yanakauka, na kukauka kwao kunanyonya joto. Hewa inapoa. Hewa iliyopoa ni nzito, basi inaanguka kwa kasi zaidi. Ikifika chini haina pa kwenda, ardhi au bahari imeizuia, kwa hiyo inamwagika pande zote na kukimbia mbele ya mvua. Baridi tuliyoihisi shingoni ilikuwa hewa ya kilomita kadhaa juu yetu, iliyofika kwetu ndani ya dakika chache. Harufu ya udongo ilikuwa imezolewa bara, mahali ambapo mvua ilikuwa imeshaanza. Na ile shwari ya kabla, naisoma kuwa ni pale upepo wetu wa kawaida na hewa inayovutwa kuelekea winguni vilipokuwa vinafutana. Mstari mweusi majini ulikuwa ukingo wa hewa iliyoanguka. Ami alikuwa anaitazama ramani ya Byers, imechorwa juu ya bahari.

Hadithi haikuishia hapo, na sehemu inayofuata naipenda zaidi kwa sababu ilianza kwa mtu asiyekuwa na ndege wala rada. Kijana wa Kijapani, Tetsuya Fujita, mwaka 1947 alikuwa juu ya mlima wa Seburi katika kisiwa cha Kyushu akiipima dhoruba ya radi iliyokuwa inapita. Kutokana na vipimo vya kanieneo na upepo alitambua kwamba hewa inashuka kutoka ndani ya wingu. Huko mlimani palikuwa na kituo cha rada cha Wamarekani, na katika takataka zake ikaokotwa karatasi ya kisayansi kuhusu mvua za radi, mwandishi wake Byers. Fujita akamwandikia. Byers akaona kwamba mtu huyu, peke yake mlimani, amefikia jambo lile lile ambalo yeye alilifikia kwa kundi zima la ndege. Akamwita, na mwaka 1953 Fujita akaenda Chicago.

Tarehe 24 Juni 1975 ndege ya abiria aina ya Boeing 727 ilianguka ikikaribia kutua uwanja wa JFK, New York, katika mvua ya radi. Watu 113 walikufa. Fujita alichunguza rekodi za safari ile na za ndege nyingine zilizopita pale dakika chache kabla na baada yake, akasema kwamba ilipigwa na mwanguko wa hewa wenye nguvu na wa eneo dogo mno. Alikuwa amekwisha kuona alama za kitu hicho kutoka angani, miti iliyolazwa pande zote kutoka kitovu kimoja, na alama hizo zilimkumbusha alichokiona Nagasaki alipokwenda kuchunguza athari za bomu la atomiki. Wataalamu wengi walimpinga. Walisema hewa inayoshuka haiwezi kufika chini ikiwa bado na nguvu hiyo. Nadhani nahodha yeyote wa Lamu angewaambia inafika.

Fikiria ndege inatua, inaingia katika hewa inayomwagika. Kwanza upepo unaipiga usoni, mabawa yanapata nguvu, ndege inainuka, na rubani anapunguza injini. Sekunde chache mbele yuko katikati, hewa inamsukuma chini. Sekunde chache tena upepo umehamia mgongoni, mabawa yamepoteza nguvu, na injini bado iko chini. Mtego mzima una upana wa kilomita chache, na unakwisha ndani ya dakika chache. Kituo cha hali ya hewa kinaweza kuwa upande mmoja wa uwanja kikaandika shwari wakati upande wa pili ndege inaanguka.

Ilibidi watu waingie tena. Mwaka 1991 na 1992 shirika la NASA lilichukua ndege yake ya Boeing 737, wakaifunga rada na vyombo vingine vya kutazama mbele, wakaipeleka Orlando na Denver kuzitafuta pepo hizo na kuzipita katikati. Ndege ya abiria, ya aina ile ile inayobeba watu, ilipelekwa makusudi palipowaua wengine, ili ijulikane kama rada iliyo puani inaweza kumwonya rubani kabla hajafika. Iliweza. Leo onyo hilo limo katika ndege kubwa za abiria, sauti inatoka ndani ya chumba cha marubani kuwaambia mbele yao kuna upepo wa aina hiyo, nao wanaacha kutua, wanazunguka. Abiria wa Manda huwa wananung'unika ndege inapozunguka juu kwa sababu ya wingu moja lililokaa karibu na uwanja. Mimi nakaa kimya na kumshukuru rubani.

Umeme nao una hadithi yake ya ndege, na nitakuwa mkosefu nikiuruka.

Desemba 1963 ndege ya Pan Am, Boeing 707, ilipigwa na radi karibu na Elkton, Maryland, mvuke wa mafuta katika tangi la bawa ukalipuka, na watu wote 81 wakafa. Tangu hapo ikawa lazima kujua umeme unaifanyia nini ndege: unaingilia wapi, unatokea wapi, unaacha nguvu kiasi gani katika nyaya za ndani. Kati ya 1980 na 1986 NASA ilitumia ndege ya kivita ya F-106B, yenye mabawa ya pembetatu, kuutafuta umeme. Wasomaji wanaoshangazwa na namba wapokee hii: katika miaka hiyo ndege ile ilipigwa na radi mara 714. Katika safari moja ya mwaka 1984, ikiwa kwenye futi 38,000, ilipigwa mara 72 ndani ya dakika 45.

Unajua kilichowashangaza? Umeme uliipiga zaidi kule juu kabisa, kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, mahali penye mvua kidogo na msukosuko mdogo, ambapo rubani angedhani amepata pa kupumulia. Sababu ilijulikana walipopitia vipimo na kamera. Takriban mara tisa katika kumi, ndege yenyewe ndiyo iliyousababisha. Ndege ya chuma ikiingia penye nguvu kubwa ya umeme, chaji hukimbilia ncha zake: pua, ncha za mabawa, mkia. Hapo nguvu inajikusanya mpaka hewa inashindwa kuizuia, cheche inachomoza upande mmoja kuelekea chaji chanya na upande wa pili kuelekea chaji hasi, na ndege inakuwa kipande cha njia ya umeme. Bila ndege, mwako ule usingetokea mahali pale.

Ukiitazama ngozi ya ndege iliyopigwa, utaona doa dogo la bati lililoyeyuka, kisha jingine nyuma yake, kisha jingine, safu ya madoa kutoka puani kwenda nyuma. Njia ya umeme imesimama hewani na ndege inasonga mbele, basi umeme unaigusa, unaachia, unaigusa tena nyuma kidogo. Waliomo ndani hawadhuriki, kwa kuwa mkondo unapita katika ngozi ya nje ya chuma na kutoka. Ndege ya abiria duniani hupigwa kwa wastani mara moja hivi kwa mwaka na ikaendelea na safari, na haya ndiyo matunda ya kazi ile: matangi yaliyozibwa cheche, nyaya zilizokingwa, na katika ndege za kisasa zisizo za bati, wavu wa shaba uliolazwa ndani ya ngozi yao.

Katika mashua hakuna ngozi ya chuma. Mlingoti ndio kitu kirefu kuliko vyote juu ya maji, na usidanganyike kwamba mbao imekukinga. Kaa chini, mbali na mlingoti na kamba zilizolowa. Kutoka mwako hadi ngurumo hesabu sekunde, gawa kwa tatu, umepata kilomita. Ikiwa wingu lina miako, hata lililo mbali bado linaweza kukufikia.

Iko ndege nyingine nisiyotaka kuiacha, T-28 ya chuo cha South Dakota, kindege cha kufundishia marubani wa kijeshi, chenye injini moja ya pistoni, kilichovishwa bati nene kwenye mabawa na kioo kizito mbele. Kazi yake ilikuwa kuingia penye mvua ya mawe, mahali ambapo hata ndege kubwa hazithubutu, na ilifanya hivyo tangu miaka ya mwanzo ya 1970 hadi 2003. Huku pwani mawe ya mvua hatuyajui sana. Waulizeni wakulima wa chai wa Kericho na Nandi watawaambia majani yanavyochanwa kwa dakika tano.

Na barafu hiyo ndiyo mama wa umeme wenyewe. Juu winguni, penye baridi ya nyuzi 10 hadi 20 chini ya sifuri, kuna maji ambayo hayajaganda, kuna fuwele ndogo za barafu, na kuna vipande laini vya barafu vinavyokua. Fuwele nyepesi zinapanda, vipande vizito vinashuka au kuelea, vinagongana kwa mamilioni, na katika kugongana vinabadilishana chaji. Fuwele zinakwenda juu na chaji chanya, vile vizito vinabaki katikati na chaji hasi. Wingu zima linakuwa limegawanyika. Hayo nayo yalithibitishwa na ndege na maputo yaliyopita ndani na vyombo vya kupima.

Lakini pana tatizo, na linawasumbua wanasayansi hadi leo. Nguvu ya umeme waliyoipima ndani ya mawingu ni ndogo mno, mara nyingi kama sehemu moja tu ya kumi ya ile inayotakiwa kuvunja hewa na kuanzisha cheche. Umeme unapiga, nasi tunauona, na bado hesabu ya mwanzo wake haijafunga vizuri.

Hapo ndipo Malindi inapoingia, na hapa naomba wasomaji wa Ngomeni wasome polepole.

Watoto ninaowafundisha, baadhi yao wametoka Ngomeni na Gongoni, wamekua wakiyaona madishi ya kituo cha Waitaliano na majukwaa yale ya chuma baharini. Wengi wanajua kwamba palirushwa roketi. Wachache wanajua kwamba tarehe 12 Desemba 1970, Jamhuri Dei, palirushwa setilaiti ya kwanza duniani ya kuchunguza miale ya eksirei kutoka nyotani, ikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Na sijakutana bado na mwanafunzi aliyeambiwa habari ya AGILE.

AGILE ilikuwa setilaiti ya Italia, ilirushwa kutoka India mwezi Aprili 2007 kutazama miale ya gama, miale yenye nguvu kuliko eksirei, inayotoka mbali sana angani. Njia yake ilikuwa karibu kabisa na ikweta, hivyo kila baada ya saa moja na nusu hivi ilipita tena upande wetu, na kituo kilichopokea data zake kilikuwa hapa Malindi. Ndani ya data hizo mkawa na kitu ambacho hakikutoka nyotani. Tangu 1994 ilikuwa imejulikana, kwa setilaiti ya Marekani iitwayo Compton, kwamba mawingu ya radi hapa duniani hutoa mimweko ya gama, mara nyingi mifupi kuliko sehemu ya elfu ya sekunde moja, kuelekea juu. AGILE, kwa kuwa ilipita juu ya ikweta penye radi nyingi, ikaikusanya mimweko hiyo kwa wingi. Radi za Kongo, za Indonesia, za Amerika, zilipiga, zikatoa miale, setilaiti ikainasa, na dishi lililo jirani na mashamba ya chumvi ya Gongoni likaipokea.

Mmoja wa walioongoza uchambuzi wa mimweko ile ni Mwitaliano Martino Marisaldi. Baadaye alihamia Chuo Kikuu cha Bergen, Norwei, na mwaka 2023 yeye na Nikolai Østgaard waliongoza safari za ndege ya NASA iitwayo ER-2. Ndege hii haiingii ndani ya wingu. Rubani mmoja, amevaa suti ya shinikizo, anaipeleka kilomita 20 juu, ambako inapita sawasawa juu ya vichwa vya mawingu makubwa zaidi. Julai ile waliruka mara kumi kutoka Tampa, Florida, juu ya dhoruba za Karibea na Ghuba ya Meksiko. Data zilikuwa zinateremka ndege ikiwa bado angani, na watu walioko chini wakiona wingu linatoa miale wanamwambia rubani arudi juu yake.

Matokeo yalichapishwa Oktoba 2024. Mawingu ya radi ya kitropiki yalikutwa yanang'aa kwa miale ya gama kwa saa nyingi mfululizo, juu ya eneo la maelfu ya kilomita za mraba, yakichemka na kutulia, yakichemka na kutulia. Ikaonekana pia aina ya mimweko ambayo haikuwa imejulikana, inayopepesa mara nyingi mfululizo kabla umeme wa kawaida haujapiga. Huenda hapo ndipo ilipofichika ile hesabu isiyofunga. AGILE yenyewe ilizimwa Januari 2024, na mwezi uliofuata ikaanguka na kuungua katika anga. Naumia kwamba kazi iliyopita katika dishi la jirani zetu kwa miaka karibu 17 haikupata hata ukurasa mmoja katika vitabu vya watoto wetu.

Kwetu Afrika Mashariki ndege ya utafiti imeshafika, ingawa kwa kazi nyingine. Januari 2019 ndege ya Uingereza aina ya BAe 146 iliruka juu ya Ziwa Victoria kupima upepo wa ziwani na wa nchi kavu, zile pepo zinazokutana usiku katikati ya ziwa na kuinua dhoruba wavuvi wakiwa majini. Vifo vya ziwa hilo hukadiriwa kati ya 3,000 na 5,000 kila mwaka, na wengi ni wa mawimbi na upepo. Miaka hiyo hiyo palikuwa na mradi wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, na kutokana nao wavuvi wa ziwani, Kenya, Uganda na Tanzania, wakaanza kupata utabiri wa ziwa uliogawanywa kwa sehemu zake, unaotaja upepo, mawimbi na radi, kwa lugha zao, hadi kwenye fukwe wanakotokea.

Hicho ndicho ninachokitaka kwa Lamu. Utabiri unaosema "mvua za radi sehemu chache za pwani" haumsaidii mtu anayetoka Kizingitini usiku na kidau chake. Anachohitaji ni kuambiwa mawingu yanajengwa wapi jioni hii, upande wa bara au upande wa bahari kuu, na upepo wake unatazamiwa kufika saa ngapi Mkanda, saa ngapi Kiwayu. Setilaiti za kuliona wingu zipo, simu iko mfukoni mwa kila baharia, na fizikia ya ule mwanguko wa hewa imeandikwa tangu 1949. Watabiri wakikaa kuuandika utabiri huo, wawaweke mezani manahodha wazee wa Faza na Matondoni, wawaulize wanatazama nini majini upepo unapokatika, na waandike majibu yao kabla wazee hao hawajaondoka.